Herufi Mbili

Darasa la sifuri, Lemvig, Januari.
Saa mbili asubuhi, na nje bado ni usiku.
Watoto kumi na saba wamevua buti mlangoni,
soksi zina matundu, pua zina makamasi,
nami nimeandika ubaoni neno moja:
og.

Ndilo dogo kuliko yote ninayofundisha.
Kwetu ndilo linalofunga mkate na siagi,
mvua na upepo,
mke na mume mpaka watakapochokana.
Halina picha. Chora samaki, watasema samaki.
Hili utalichoraje?
Nilichora fundo la kamba.
Villads akasema: tambi.

Nikawaambia, msilitafune herufi kwa herufi,
litambueni kwa sura,
kama mnavyomtambua shangazi kwa mbali kwa mwendo wake.
O ni mdomo wazi. G imeketi kando,
imekunja mkia, kimya.
“Kwa nini ipo kama haisemi?”
Huyo ni Solvej, binti wa fundi bomba,
anayeuliza akiwa ameshakasirika.
Nasikia ziko lugha ambazo kila herufi hula kwa jasho lake.
Yetu ina wageni wa kudumu
wanaokaa mezani bila kutoa neno,
na ukiwafukuza, unaandikiwa kosa.

Tuliliandika kwenye sinia la chumvi.
Tuliliruka sakafuni kwa mguu mmoja.
Tulilifinyanga kwa unga, likaokwa, likaliwa.
Kufikia Alhamisi kumi na sita walilijua.
Solvej alilitazama kama lango la jirani mwenye mbwa.
Akalisoma kinyumenyume.
Akalisoma “sifuri tisa”.
Mara moja akalisoma, kwa heshima zote, “hapana”.

Miaka thelathini na mmoja ya kazi hii, magoti yamekwisha,
na bado sijui neno huingilia wapi.
Unabisha hodi mbele, lenyewe limeshapitia jikoni.

Ijumaa gari la baba yake lilisimama langoni,
jeupe, limetapakaa tope mpaka madirishani.
Ubavuni, kwa buluu iliyopauka ya enzi za babu:
Nørby og Søn.
Solvej akasimama ghafla, mkoba ukamgonga kisogoni.
Akanyoosha kidole.
Midomo ikajaribu kwanza bila sauti,
kisha akalitoa, o, fupi,
kama mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu.

“Nørby na nani?”
“Na Mwana wa Kiume,” akasema baba. “Ndiye mimi.
Nørby ni babu yako.”
“Na mimi?”
Alikuwa na funguo mkononi
na mteja asiye na maji ya moto tangu alfajiri.
Ingia, akasema, tunachelewa.

Hakuingia. Akavua glavu kwa meno,
akasogea pale neno la mwisho lilipokoma na tope likaendelea,
akaandika kwa kidole:
o iliyobonyea, g yenye mkia mrefu mpaka karibu na gurudumu,
kisha jina lake, s ikiangalia upande usio wake.

Nørby og Søn og Solvej.

Baba akasoma. Uso wake sikuuona, alinipa mgongo.
Niliona tu kwamba alirudisha funguo mfukoni,
akasimama pale kidogo,
akazitoa tena.

Mvua ilinyesha Jumamosi. Ilinyesha Jumapili,
ile mvua yetu inayotembea ubavu ubavu.
Jumatatu gari likaja limeoga, linang’aa,
isipokuwa kipande kimoja, upana wa viganja vitatu.
Kukizunguka, mtu alikuwa amepangusa pakakauka,
na juu yake amebandika utepe wa plastiki, ule unaopitisha nuru,
ukingo kwa ukingo, bila kiputo hata kimoja,
kama mtu aliyezoea kuziba maji yasipite.
Ndani yake tope, na g, bado kimya.

Solvej hakusema kitu. Alivua buti, akaenda kukaa.
Ubaoni nilikuwa nimeshaandika neno la wiki mpya,
er, lenye herufi mbili nalo,
na Villads alitaka kujua
kama hilo pia litaokwa.